Je, Wajua? Farao Aliyepimwa Ugonjwa kwa Sanamu Zake

Je, wajua kwamba yupo farao ambaye madaktari walimpima kwa kutazama sanamu zake tu? Ni Akhenaten, aliyetawala Misri katika karne ya 14 K.K., akaipa kisogo miungu ya wazee wake na kumtukuza Aten, jua. Sanamu zake za Karnak ni kioja: uso mrefu, midomo minene, vidole vyembamba, nyonga pana, tumbo limelegea na kifua kama cha mwanamke.

Kwanza walisema tezi za mwilini zilikuwa na hitilafu, ya aina inayomnyima mtu uzazi. Sasa wale mabinti sita aliozaa na mkewe Nefertiti walitoka wapi? Ndipo ukatajwa ugonjwa wa Marfan, uliopewa jina la daktari Mfaransa Antoine Marfan, aliyeueleza mwaka 1896. Ni wa kurithi. Hulegeza tishu zinazoshikilia viungo, mtu akawa mrefu, mwembamba, mwenye vidole virefu, na hatari yake kubwa ni kupasuka kwa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni.

Ilipendeza masikioni, lakini Nefertiti naye, pamoja na watu wa ikulu, walichongwa kwa umbo lile lile, na ugonjwa wa kurithi mke haupati kwa mumewe! Tena Bak, mchongaji mkuu, aliacha maandishi kwenye jiwe huko Aswan akijisifu kwamba mfalme mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Umbo lile lilikuwa amri ya mteja.

Mwaka 2010 mwanaakiolojia Mmisri Zahi Hawass na wenzake walitangaza matokeo ya vipimo vya DNA na picha za skana. Maiti iliyopatikana mwaka 1907 katika kaburi la KV55, Bonde la Wafalme, ilionekana kuwa ya baba yake farao Tutankhamun. Wengi huamini ndiye Akhenaten, ingawa wapo wanaobisha. Dalili za Marfan hazikuonekana.

Mgonjwa hasa alikuwa mwana, si baba. Tutankhamun alifariki akiwa na miaka 19 hivi, mguu wake wa kushoto ukiwa na kasoro, na kaburini mwake zilikutwa fimbo na bakora zipatazo 130. Watafiti hao walikuta pia mwilini mwake chembe za urithi za Plasmodium falciparum, kimelea kile kile kinachosababisha malaria nyingi Afrika Mashariki hadi leo.