Kijana Mtukutu na Baragumu la Shaba

Huenda nyumbani kwako yumo kijana wa miaka 12 au 13 ambaye siku hizi humwelewi. Juzi alikuwa mtoto wa kukukimbilia mlangoni akupokee kapu. Leo hukujibu kwa neno moja, hurejea nyumbani giza limekwisha ingia, na chakula hukila kana kwamba ni adhabu. Kitu kimoja tu ndicho kinachomchangamsha, nacho ni muziki. Huupiga kwa vidole juu ya meza, huuimba bafuni, ama hujifungia nao peke yake, simu ikiwa masikioni. Nawe, kama wazazi wengi, umekwisha mwambia kwamba muziki ni uhuni, na kwamba ashike daftari.

Kabla hujalitamka neno hilo tena, yafaa usikie habari za Louis Armstrong. Wazee wetu wapenzi wa dansi wanalijua jina hilo: ndiye yule Mmarekani mweusi, mpiga tarumbeta, ambaye mwezi Oktoba 1960 alifika Leopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, akapokewa kwa ngoma na kubebwa juu juu akiwa kitini kama chifu. Lakini Armstrong wa sifa hizo hatatufaa sana hapa. Tunayemtaka ni mtoto wa miaka 11 aliyeshikwa na polisi.

Alizaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani, tarehe 4 Agosti 1901. Baba yake aliiacha familia mtoto angali mchanga. Mama, ambaye mwenyewe alikuwa binti mdogo, aliishi kwa vibarua katika mtaa wa walevi, wacheza kamari na watu wa visu, katika mji ambao sheria zake ziliwatenga weusi na weupe. Mtoto alifanya kazi kwa familia moja ya Kiyahudi iliyotoka Lithuania, ya Karnofsky, iliyokuwa ikikusanya vitu vikuukuu na kuuza makaa ya mawe kwa gari la farasi. Juu ya gari hilo yeye alipuliza kipembe cha bati kuwaita wateja. Jioni aliimba barabarani pamoja na wenzake watatu, wakipata senti mbili tatu. Shule aliiacha.

Usiku wa kuamkia mwaka 1913, mji mzima ukisherehekea kwa fataki na milio ya bunduki, Louis alitoka na bastola ya mwanamume aliyekuwa akiishi na mama yake, akaifyatua hewani. Ilikuwa na baruti tupu, hakudhurika mtu. Hata hivyo polisi alimkamata papo hapo, akalala rumande, na kesho yake akapelekwa katika nyumba ya malezi ya watoto weusi, Colored Waif's Home, pasipo kuambiwa atakaa muda gani.

MAHARAGE YALIYOKATALIWA

Habari za huko amezieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1954. Nyumba hiyo iliongozwa na Kapteni Joseph Jones na mkewe, kwa taratibu za kijeshi: kuamka kwa mlio, kupanga mstari, kusugua sakafu. Siku za mwanzo Louis alisusa chakula. Alipoletewa maharage aliyasukuma kando, hata njaa ilipomzidi akawa wa kwanza kufika mezani. Ilikuwapo bendi ya watoto, naye alitamani mno kuingia. Lakini mwalimu wa muziki, Peter Davis, hakumtaka. Kwa mwalimu huyo, mtoto atokaye mtaa ule alikuwa mhalifu tayari, wala hakuwa mzito kumchapa.

Naomba tusimame kidogo hapa, kwa sababu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba mtoto alikabidhiwa tarumbeta na papo hapo akawa malaika. Sivyo. Alikaa majuma mengi akiisikiliza bendi kutoka pembeni. Mwalimu alipolegea, alimpa tari, kitu cha kutikisa tu. Kutoka tari akapewa ngoma, kisha pembe ya shaba ya sauti ya kati, ambayo kazi yake ni kuwaitikia wenziwe. Kwa kuwa alikuwa amezoea kuimba na wenzake barabarani, aliitikia vyema. Ndipo siku moja mpiga baragumu wa nyumba ile alipomaliza muda wake akaenda kwao, na Davis akamkabidhi Louis baragumu.

Baragumu lenyewe lilikuwa chafu, shaba imeota ukungu wa kijani, maana waliotangulia hawakujali. Kabla ya jambo lolote, Louis alilichukua akalisugua mpaka likang'aa, na watoto wenzake wakamshangilia. Tangu siku hiyo, nyumba nzima ililala na kuamka kwa pumzi yake. Msomaji, hebu utafakari: yule aliyesusa chakula ndiye sasa anayepuliza mlio wa kuwaita wenzake wakale! Nadhani siri yote imo hapo. Kijana wa rika hilo hujiona hana nafasi popote. Si mtoto tena, wala si mtu mzima. Ukimpa jambo ambalo wenzake wanalihitaji, na ambalo yeye asipolifanya litakosekana, hupata pa kusimama. Muziki hufaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa kosa husikika mara moja, bila kusubiri ripoti ya mwisho wa mwaka, na kupatia nako husikika.

Baadaye alipewa koneti, ile tarumbeta fupi, na mwishowe akafanywa kiongozi wa bendi. Siku waliyopita mtaani kwao kwa gwaride, wacheza kamari na wezi walitoka nje kutazama, wakaenda kumwamsha mama yake, wakatupa fedha nyingi katika kofia za watoto hata zikatosha kununua sare na vyombo vipya.

Alitoka mwezi Juni 1914. Je, umaskini uliisha? La. Alibeba makaa ya mawe miaka kadhaa, akiwahudumia wakubwa ili wamfundishe, hata Joe Oliver alipomwita Chicago mwaka 1922. Wenziwe wengi wa bendi ile hawakupata sifa yoyote duniani, wala Davis hakuwafundisha kwa kutazamia sifa. Mwaka 1931 Armstrong, akiwa tayari na jina, alirudi kuwaamkia Kapteni Jones na mwalimu wake.

TUNAYOWEZA NYUMBANI

Usiseme, "Mimi nitatoa wapi tarumbeta?" Mtoto wa kwetu anaweza kuanzia kwenye kayamba, filimbi, ngoma ya shule au sauti ya tatu ya kwaya. Ninachokushauri ni kutazama kwanza mwalimu kabla ya chombo. Je, anawaweka vijana kwa saa maalumu? Anawapa kazi ya kutunza vitu? Anawarudisha nyumbani kabla ya usiku? Mpiga gitaa hodari anayemaliza mazoezi baani si mlezi wa kijana wa miaka 13.

Nawe nenda ukamsikilize. Wapo wazazi wanaolipa ada ya mazoezi mwaka mzima wasifike hata siku moja, kisha wakashangaa mtoto hawaelezi kitu. Wimbo anaourudia kila jioni, muulize kwa upole unazungumzia nini. Huenda akakujibu kuhusu wimbo jambo ambalo hangelikujibu kuhusu nafsi yake.

Lakini kama haimbi tena, halali, hali, au anataja kufa, hilo si la kuachia ngoma. Mfikishe kwa mganga wa hospitali mapema, na filimbi yake mchukulie, ataitaka akipata nafuu.