Udugu Si Kibali

Mtu mzima anapofika katika kituo cha polisi cha Arua au Koboko na kueleza kwamba mjomba au shemeji yake humshika mwili pasipo ridhaa, askari wa zamu hana ruhusa ya kumrudisha nyumbani kwa madai kwamba hayo ni mambo ya ukoo.

Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 inawahusu jamaa wa damu na wa ndoa vilevile. Mlalamikaji anaweza kwenda kwenye mahakama ya baraza la mtaa, yenye uwezo wa kumwonya mkosaji, kumtoza faini au kuamuru fidia. Aweza pia kumwomba hakimu amri ya ulinzi. Na kuomba amri hiyo hakumzuii kufungua mashtaka ya jinai. Ukatili wa nyumbani huadhibiwa kwa faini au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Shambulio la aibu, chini ya Kanuni za Adhabu, laweza kufikia miaka 14.

Wajibu wa polisi ni kumsaidia mlalamikaji apate matibabu, kumweleza haki zake, na, akipenda, maelezo yake yachukuliwe na askari wa jinsia yake.

Sheria haibagui kati ya raia na mwenye sare. Askari anayelinda mpaka wa nchi hana budi kuheshimu pia mpaka wa mwili wa ndugu yake.