Wimbo wa Zamani Ndani ya Rege: Them Mushrooms, UB40 na Haki ya Mtunzi

"Jambo Bwana", wimbo unaofahamika ukanda wote wa pwani kuanzia Malindi hadi Mafia, mara nyingi huchukuliwa kuwa wimbo wa asili usio na mwenyewe, ilhali ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison na kurekodiwa mwaka 1982 na bendi yake ya Them Mushrooms ya Mombasa. Mwaka uliofuata kundi la Boney M. waliurudia, yaani waliurekodi upya kwa mpangilio wao wenyewe, na jina la mtunzi likazidi kufifia masikioni mwa wasikilizaji.

Miongoni mwa mitindo ya muziki, rege inafaa mno kwa kazi hiyo ya kurudia nyimbo, kwa kuwa gitaa na kinanda hugonga katikati ya mapigo, besi hubeba sauti ya pili inayojitegemea, na mwendo hutulia kiasi kwamba maneno hupata nafasi ya kusikika upya. "Red Red Wine", uliotolewa na Neil Diamond mwaka 1967, ulipigwa kwa rege na Tony Tribe mwaka 1969, na hiyo ndiyo sura ambayo wanabendi wa UB40 wa Birmingham, Uingereza, waliifahamu, hata wakadhani mtunzi ni Mjamaika. Toleo lao la mwaka 1983 lilishika nafasi ya kwanza Uingereza, kisha Marekani mwaka 1988.

Them Mushrooms, waliojijenga katika hoteli za Mombasa kwa rege na kwa chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani ichezwayo harusini, nao walirudia nyimbo za zamani, ila walimshirikisha mkongwe mwenyewe, Fundi Konde, aliyekuwa akirekodi tangu miaka ya 1940 na ambaye wimbo wake "Tausi" ulikwisha kuwa mali ya kila nyumba. Hiyo ndiyo heshima kamili: mzee akiwa hai, akisikilizwa na wajukuu, jina lake likitajwa.

Heshima hiyo ina msingi wa kisheria pia, kwani Kenya na Tanzania hulinda hakimiliki, yaani haki ya mtunzi juu ya kazi yake, kwa muda wa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo, hata wimbo ukirudiwa na bendi nyingi kiasi gani. Fundi Konde alifariki mwaka 2000, hivyo tungo zake zimo katika ulinzi huo hadi mwaka 2050.