Risasi ya zamani haijafa

ILIKUWA Jumatatu, siku mbili baada ya umuganda. Hapa Nyamirambo, Kigali, nilimkuta mwanafunzi wangu akigonga kitu dawatini kwa ncha ya bikari. Kumbe ni risasi nzima ya bastola, imeota kutu ya kijani. Aliiokota kwenye udongo wa mtaro tuliochimba.

"Mwalimu, hii ya zamani, imeshakufa," akanijibu.

Nilimwambia aiache palepale. Nikatoa darasa zima nje, nikapiga 112.

Mimi nilisomea Tanzania, uhamishoni, nikarudi mwaka 1995 nikiwa na miaka 15. Huko rafiki yangu alitupa risasi kwenye jiko la mkaa ili aisikie ikilia. Alipoteza jicho. Ndiyo sababu siku ile somo la fizikia lilifanyikia chini ya mwembe.

Ganda la risasi, niliwaeleza, ni shaba nyembamba tu. Ndani ya bastola hukaa kwenye chemba, na kuta za chuma hulishika pande zote. Baruti ikiwaka, gesi hulibana ganda kwenye chuma hicho, nacho kichwa cha risasi hupata njia moja tu, ya mbele. Hata katika bastola, pale chemba isipolishika ganda vizuri karibu na kitako, shaba huvimba, pengine hupasuka mkononi mwa mwenye silaha.

Sasa jikoni au dawatini kuna chuma gani cha kulishika? Ganda hupasuka ovyo. Kichwa ni kizito, hakiendi mbali. Vipande vyepesi vya shaba ndivyo vinavyoruka usoni.

Na baruti haifi kwa sababu ya umri. Unyevu huweza kuiharibu, lakini kwa macho huwezi kujua. Ndugu zetu wa Dar es Salaam walizika watu baada ya maghala ya jeshi kulipuka Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011. Kwetu Rwanda, mwaka huohuo wa 2009 tulitangaza kumaliza kutegua mabomu ya ardhini, jambo la kujivunia, ila tangazo lile halikuhusu kila risasi iliyofukiwa mwaka 1994.

Polisi walipofika na kuichukua, kijana alinivuta shati.

"Mwalimu, nyumbani ninazo nyingine mbili. Ziko chini ya kitanda cha mdogo wangu."

Tukapanda gari la polisi pamoja.