Vua kisu koti lake, lakini usikichome moto

Bila shaka umewahi kununua kisu au panga jipya, likiwa limepakwa rangi nyeusi au vanishi inayometameta, ukalifurahia. Miezi miwili haijaisha, rangi ile ikaanza kubanduka vipande vipande, na chini yake kutu ikachungulia. Hapo ndipo wahenga walipotuonya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Watu wa Mwanda, huko juu katika milima ya Taita, wanaijua adha hii kuliko wengi. Ukitoka Voi, mji ulio kiasi cha mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, ukapanda kupitia Mwatate na Wundanyi hadi Mwanda, utahisi hewa ikigeuka. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hugonga milima hii, ambayo kilele chake cha Vuria kinapita mita 2,200, zikaacha ukungu na umande. Hali hiyo hufaa kabeji na migomba, lakini ni adui wa chuma. Kutu haihitaji zaidi ya chuma, maji na hewa, na Mwanda vyote vitatu vipo tangu asubuhi.

Koti la safari

Lakini je, kwa nini kiwanda kikapaka rangi ile? Sababu kubwa ni safari. Panga hukaa miezi melini, bohari na dukani kabla halijakufikia, na rangi hulikinga lisishike kutu njiani. Likishaingia kazini, koti hilo huchanika. Maji hupenya chini ya rangi iliyoinuka, yakajificha humo, na kutu ikala chuma bila wewe kuiona. Tena, kama ni kisu cha jikoni, vile vipande vinavyobanduka huishia kwenye mboga za watoto wako.

Wahunzi wa zamani hawakuwa na rangi hizi. Ng'ambo ya mpaka, kule Upare nchini Tanzania, ukoo wa Washana ulisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma. Kisu kilichotoka kwa mhunzi kilikuwa na weusi wa moto wenyewe, na kilidumu kwa sababu mwenyewe alikitumia, akakifuta na kukinoa kila mara.

Kosa la jiko

Wengi wakitaka kuondoa rangi hukimbilia makaa. Tafadhali usifanye hivyo! Kisu hushika makali kwa sababu kiwandani kilipashwa moto sana, kikazimwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa joto dogo lililopimwa. Makaa ya jiko hupita digrii 600. Bapa likianza kuwa la manjano, joto limekwisha fika kama digrii 220; likiwa la buluu, limekaribia 300. Kisu kilichofika hapo kimelainika, na hata ukikinoa asubuhi, jioni kitakuwa butu. Kisu butu ndicho kikatacho vidole, kwa kuwa mtu hukisukuma kwa nguvu kikateleza. Aidha, moshi wa rangi ni sumu, hasa rangi ya zamani yenye madini ya risasi.

Njia iliyo salama

Kwanza, fahamu chuma chako. Kwangua sehemu ndogo hadi chuma kionekane, kisha utie tone la siki au ndimu. Kikigeuka kijivu baada ya dakika chache, hicho ni chuma cha kawaida kinachoshika kutu. Kisipogeuka, huenda ni kile cha jamii aliyoitengeneza Harry Brearley huko Sheffield, Uingereza, mwaka wa 1913, kilichochanganywa na kromiamu. Hicho kisugue tu na kukisafisha, hakihitaji siki.

Pili, funga makali kwa tambara nene na gundi ya karatasi. Toka nje penye hewa, mbali na jiko na sigara, uvae glavu. Lowesha kitambaa kwa thina, au asetoni ile inayoondoa rangi ya kucha, ukizungushe kwenye bapa kwa robo saa. Rangi ikilainika, ikwangue kwa kipande cha plastiki. Ile isiyolainika, isugue kwa msasa uliolowa maji, ili vumbi lisiruke ukalivuta puani. Anza na namba 220, halafu 400, umalizie na 600, ukienda upande mmoja tu kwa urefu wa bapa. Watoto wasikaribie, na tope linalobaki usilimwage shambani wala karibu na kisima.

Tatu, osha kwa sabuni na maji ya moto, ukaushe papo hapo. Ukichelewa hata saa moja penye ukungu, utaona madoa mekundu.

Ngozi mpya

Sasa chuma ki uchi, nacho chahitaji kinga. Kitumbukize bapa, si mpini, kwenye siki ya vuguvugu kwa dakika 20 hivi. Kitatoka na rangi ya kijivu. Ukipenda weusi zaidi, changanya siki na chai kavu iliyochemshwa ikakolea sana. Ule ukakasi wa chai huungana na chuma ukafanya weusi, kama ule wa wino wa kale. Usikiache usiku kucha, maana siki itakila kikawa na vishimo. Kioshe kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki uishe, ukaushe, kisha unoe makali upya.

Mwisho, paka mafuta ya nazi tone moja, ulisambaze kwa kitambaa hadi bapa lisiteleze mkononi. Kwa panga la shambani, mafuta ya mashine yatafaa. Kwa kisu cha jikoni, usipake mafuta ya taa wala ya mashine hata kidogo.

Hata hivyo, ngozi hii mpya haizuii kutu yenyewe. Huipunguzia kasi tu. Kazi iliyokuwa ya rangi sasa ni yako: kufuta kisu kila baada ya kukata nyanya au ndimu, kukikausha kabla ya kukiweka, na kukipaka mafuta mara moja kwa juma, au zaidi wakati wa mvua. Kama nyumbani kwako hakuna wa kuifanya kazi hiyo, kiache kisu na koti lake hadi lianze kubanduka. Lakini ukikubali kukitunza, kisu cha bei ndogo kitakupikia miaka mingi, nawe hutasumbuka tena kuokota vipande vya rangi katika sukumawiki.