Saa za Kuruka: Faida ya Kuingia Chamani

Somo la leo ni la kijana wa Tabora aliyekwisha kupata leseni ya kwanza ya urubani, lakini mfuko wake umekauka.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hutaka rubani awe na saa 40 za kuruka apate leseni ya kwanza, na saa 200 apate leseni ya kazi. Kwa anayefunzwa mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa, saa hizo ni 35 na 150. Mwenye leseni ya kwanza haruhusiwi kurusha ndege kwa ujira. Basi saa zilizosalia atazipataje?

Kumbuka wapagazi wa Kinyamwezi. Kijana aliyetaka kufika pwani hakwenda peke yake. Alijiunga na msafara, akabeba mzigo, akajifunza njia. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, hapa Tabora, Novemba. Njia ndefu yataka wenzi.

Chama cha marubani ni msafara wa namna hiyo. Cha Nairobi, Aero Club of East Africa, kilianzishwa mwaka 1927. Gharama za ndege ni za aina mbili. Bima, maegesho na ukaguzi wa kila mwaka hulipwa hata ndege ikilala. Wanachama 10 wakigawana, kila mmoja hulipa fungu moja la kumi. Petroli hutumika kila saa ya kuruka, nayo haipungui kwa kugawana. Kwa hiyo uliza yote mawili: ada ya mwaka, na bei ya saa.

Je, vikundi vya kujitolea? Madaktari wa angani walianza Nairobi mwaka 1957, na huko Arusha Flying Medical Service imetumia marubani wa kujitolea. Lakini, ndugu, mgonjwa si mtu wa kujifunzia. Kazi hiyo humtaka rubani aliyekwisha komaa. Anza chamani, huko kwa wagonjwa nenda baadaye.

Saa zako zitumie vizuri. Leseni ya kazi hutaka safari moja ya kilomita 540 au zaidi, rubani akiwa mkuu wa ndege, na kutua na kusimama katika viwanja viwili mbalimbali. Dodoma, Tabora, Kigoma ni karibu kilomita 700, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 iko chini yako kukuongoza.

Tena, saa uliyokaa kama abiria usiiandike katika daftari lako la rubani. Saa ya uongo haitakusaidia siku mawingu yatakapofunga njia.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Gharama ipi hupungua kwa kugawana, na ipi haipungui?
2. Kwa nini rubani mchanga asianze na kubeba wagonjwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.