Tovuti ya kanisa ni ya nani?

Wengi wetu tunaojua kompyuta kidogo tumeshaombwa: "Ututengenezee tovuti, lakini hatuna pesa mingi." Anaomba pasta, anaomba kiongozi wa kwaya, anaomba mama wa chama cha wajane. Leo ninataka kueleza kazi hii inakwenda namna gani, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Ilikuwa 2019, Kalima. Mnajua Kalima, mji wa bati uliokua na kampuni ya Symétain wakati wa Wabelgiji. Makanisa ni mengi, karibu yashinde maduka. Kanisa moja likaniomba tovuti. Nikaitisha dola 80, wakalipa kwa mara tatu. Sasa, tovuti inataka vitu viwili: jina, yaani ile anwani inayoishia na .org, na nafasi kwenye mashine inayowaka usiku na mchana mahali fulani duniani. Jina hulinunui moja kwa moja, unalilipia kila mwaka, kama kodi ya nyumba. Linafika dola 10 mpaka 15 hivi. Wauzaji wengi wa nje wanataka kadi ya Visa, pesa ya simu yetu hawaipokei. Basi nikaomba kadi ya mjomba aliye Bukavu. Barua pepe nikaweka yangu, namba ya simu yangu. Jumapili wakanisimamisha mbele ya watu, wakapiga makofi.

Angalieni vizuri: jina la kanisa lilikuwa kwa barua pepe yangu, kadi ya mjomba na laini yangu. Kanisa lenyewe halikuwa na kitu mkononi.

Nikaenda Kindu kwa masomo. Simu ikaibwa, laini sikuirudisha. Kufungua barua pepe, wanataka namba ya siri ambayo wanaituma kwa ile laini iliyopotea. ICANN, shirika linalosimamia majina hayo duniani, linadai muuzaji akukumbushe karibu mwezi mmoja kabla muda kwisha, tena karibu wiki moja kabla. Bila shaka alikumbusha. Ukumbusho uliingia katika sanduku lisilo na ufunguo.

Jina la .org muda wake ukiisha halipotei siku ile ile. Wauzaji wengi wanakuachia siku au wiki chache ulipe bei ya kawaida. Likifutwa, kuna siku 30 za kulikomboa, lakini hapo bei inapanda sana. Halafu siku 5, na linarudi sokoni, wa kwanza kufika achukue. Na kuna watu ambao kazi yao ni kungojea majina ya namna hiyo, kwa sababu jina lililotumika tayari lina wageni wanaolijua.

Mzee mmoja wa kanisa akanipigia: "Mutoto yangu, mbona kule kwa internete kanisa yetu iko inacheza kamari?" Nilicheka kwanza. Kisha akaniambia kwamba walikuwa wametuma barua Ulaya kuomba msaada wa mabati ya paa, na jina lile liko juu ya karatasi, limechapwa kwa wino wa bluu. Wale wa Ulaya walifungua, wakakuta kamari. Hawakujibu tena. Kama ni kwa sababu hiyo au nyingine, sitajua, lakini mvua ya mwaka ule iliingia ndani ya kanisa na mimi nilikuwa najificha nikipita njia ile.

Tangu siku ile nimebadilisha mpango wa kazi. Kabla ya kugusa kompyuta, ninaomba kanisa lifungue barua pepe yake, kwa laini yake, laini inayokaa kwa karani na inawekwa vocha. Laini isiyotumika muda mrefu kampuni inaweza kumpa mtu mwingine. Jina linaandikishwa kwa kanisa. Maneno ya siri yanaandikwa ndani ya daftari, pamoja na zile namba za akiba za kufungulia barua pepe kama simu imepotea. Daftari linafungiwa pamoja na sadaka, na watu wawili wanajua liko wapi. Kadi hata ikiwa ya mjomba si neno, mradi tunalipa miaka mitatu kwa mara moja. Sheria inaruhusu mpaka 10.

Nafasi yenyewe inaweza kuwa bure. Kurasa tano za maandishi na picha hazihitaji WordPress. Zinakaa vizuri kwa GitHub Pages bila kulipa. WordPress ni nzuri, nayo ni bure tangu 2003, lakini inataka mtu wa kuisasisha kila mara, na isiposasishwa wezi wanaingia. Kama hakuna kijana wa kufanya hivyo, usiwaachie mzigo. Cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli, kinatolewa bure na Let's Encrypt tangu 2015. Ukisikia mtu anawatoza wamama dola 50 kwa hicho, muulize vizuri.

Halafu megabaiti. Picha ya simu inaweza kufika MB 4. Watu 50 wakiifungua, ni MB 200 zimetoka mfukoni mwa waumini. Ipunguze upana mpaka pikseli 1200, inabaki KB 200 hivi, na wale 50 wanatumia MB 10 tu. Kwetu mtu ananunua megabaiti za siku moja; hawezi kungoja picha ya pasta ifunguke.

Na ile sehemu ya "Habari mpya", mimi siiweki tena. Habari ya mwisho ikiwa ya miaka miwili iliyopita, mgeni anafikiri kanisa limefungwa. Weka saa za ibada, mahali, namba ya simu, historia fupi, na watu wanaosimamia. Chama kimoja cha akiba nilikiambia wazi kwamba kikundi cha WhatsApp kinawatosha, wasinilipe. Rafiki zangu waliniona mjinga.

Kanisa la Kalima nililitengenezea tovuti nyingine bila malipo, kwa jina jipya. Lile la zamani linaonyesha kamari mpaka leo. Karatasi za barua zilikuwa zimebaki nyingi, na kuchapa nyingine ni pesa. Basi karani anakata anwani ya zamani kwa kalamu na kuandika mpya juu yake, karatasi moja moja.